Mbuzi Aliyefungishwa Saumu

Nyinyi wa rika langu mliosoma shule za udongo kati ya Msambweni na Lunga Lunga mtanielewa nikisema kwamba darasa letu lilikuwa na wanafunzi arobaini na mbuzi mmoja. Hatukuona ajabu. Siku zile shule haikuwa na ua, na mwanafunzi, kuku na mama muuza mahamri wote waliingia kwa njia moja. Nikiwasimulia vijana wanaoniletea mbwa wao kliniki hapa Ukunda, mbwa mwenye jina la Kizungu na kitanda chake mwenyewe, huniuliza kama mbuzi wetu naye alikuwa na picha zake kwenye simu. Nacheka nao. Kisha huniuliza lile swali la kila mtu: mimi, mtoto wa kike wa Kidigo, imekuwaje nikaacha ualimu na uuguzi nikasomea udaktari wa wanyama? Huwajibu kwamba niliwapenda wanyama tangu utotoni. Ni jibu zuri, tena linamaliza mazungumzo. Lakini si jibu la kweli, na nimechoka kulitoa.

Mbuzi mwenyewe aliletwa na Mwalimu Mutua, Mkamba mrefu aliyetufundisha sayansi na kilimo. Mama wa mbuzi huyo alikufa akizaa katika boma la jirani wa shule, na mwenye mbuzi akasema kitoto hicho hakina maisha. Mwalimu akakitia ndani ya katoni ya sabuni akaja nacho darasani, tukiwa darasa la tano. Tukapangiana zamu za kuleta maziwa kutoka nyumbani. Tulimnyonyesha kwa chupa ya soda iliyotiwa chuchu ya mpira, na wavulana waliokuwa wakijifanya wababe uwanjani ndio waliogombania kuishika chupa. Alilala nyuma ya darasa juu ya magunia, na wakati wa hesabu za kichwa, kimya kikiwa kimetanda, ungemsikia akitafuna.

Alikuwa jike, mweupe mwenye masikio mekundu. Tulimwita Mkaguzi. Alipopata miguu alianza kupita katikati ya madawati akiyatazama madaftari moja moja kama wale wakaguzi wa wizara, na daftari lisilompendeza alilila. Mwenzetu mmoja alikula fimbo mbili kwa kusema mbuzi amekula kazi yake ya nyumbani, na ya tatu ikasitishwa Mwalimu alipoona kipande cha karatasi kikining'inia mdomoni mwa mbuzi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Zilikuwa siku nzuri, nisiwadanganye. Msimu wa korosho tulipanga korosho mstarini na kuzilenga kwa korosho kubwa tuliyoiita mama, na aliyekuwa na shabaha alirudi nyumbani mifuko imejaa. Tulikula mabibo mpaka koo likawasha, maji yake yakatuchirizikia kwenye sare, na doa la bibo, mnalijua, halitoki. Mama alikuwa akiniambia, "Hiyo sare utaolewa nayo, maana mimi nyingine sinunui." Watoto wa leo bibo wanaliona kwenye picha. Ukiwapa wanauliza kama limeoshwa.

Mkaguzi alipokuwa mkubwa, Mwalimu alitujengesha kibanda cha makuti nyuma ya darasa, chenye mlango na kufuli kwa sababu ya mbwa koko. Ufunguo nikapewa mimi, Mejumaa, niliyekuwa kiranja wa mbuzi, cheo ambacho nadhani hakikuwako popote katika Kenya hii ila shuleni kwetu. Niliuning'iniza shingoni kwa uzi. Nilifagia kibanda asubuhi kabla wenzangu hawajafika, nikampa pumba zilizokorogwa kwa maji na chumvi kidogo, ndipo kengele ikalia. Nilipewa cheo hicho kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuaminika. Walimu walisema hivyo mbele za watu.

Tangu kuzaliwa Mkaguzi alikuwa na uvimbe kitovuni, mdogo kama limau. Tulipoingia darasa la sita ulikuwa umekua kama dafu changa, na alipokimbia ulikuwa ukibembea chini ya tumbo. Mwalimu Mutua akamwita Daktari Tsuma, daktari wa mifugo wa tarafa yetu, aliyekuwa akizunguka vijijini kwa pikipiki na sanduku la bati nyuma. Alikuwa kijana bado, mpole, mwenye kuongea na mnyama kabla ya kumgusa. Aliubonyeza uvimbe kwa vidole, ukarudi ndani, akauachilia, ukatoka tena. Akatueleza kwamba hiyo ni ngiri: ukuta wa tumbo una tundu, na utumbo unapenya kuja chini ya ngozi. Iko siku utumbo utabanwa hapo, na mbuzi atakufa kwa maumivu makali. Lakini akipasuliwa na tundu likashonwa, ataishi na atazaa.

Hapo ndipo mgogoro ulipoanza, na mgogoro wenyewe uliingia nyumbani kwetu, kwa sababu baba yangu alikuwa mchinjaji wa kijiji na pia mjumbe wa kamati ya shule. Ramadhani ilikuwa imeshaandama, na baba akasema shauri ni jepesi: mbuzi achinjwe kwa Idi angali mzima, watoto wote wale nyama. Daktari hakuficha kitu. Alisema akishampiga sindano ya usingizi, nyama ile hailiwi tena, hata akichinjwa. Kwa hiyo ilikuwa lazima watu wachague kabla ya sindano. Kwa baba hilo lilikuwa jambo zito. Mnyama anayekufa bila kisu ni nyamafu, na mtu kumtia mnyama mzima katika hatari ya kuwa nyamafu aliona ni kuichezea neema ya Mungu.

Nililia siku mbili. Sikula futari, nikakaa nyuma ya jiko nikimkasirikia baba kwa namna ambayo mtoto wa siku zile hakuruhusiwa kuisema kwa mdomo. Siku ya tatu baba alitoka msikitini akanikuta bado nimenuna. Akaketi kibarazani, akavua kofia.

"Haya, mpe huyo daktari wako," aliniambia. "Lakini afie mikononi mwake, usinililie mimi."

Nilimbusu mkono. Sijui kama kuna siku nyingine katika utoto wangu niliyofurahi kiasi kile.

Daktari alichagua asubuhi ya Alhamisi. Alimwambia Mwalimu kwamba tangu adhuhuri ya Jumatano mbuzi asipewe kitu, si chakula wala maji, mpaka amalize kazi. Hakusema kwa nini, na pengine hakuona haja. Mwalimu Mutua hakuwa Muislamu lakini alikuwa mtu wa mzaha, na sisi wengi wetu tulikuwa tumefunga, midomo imetukauka. Akasimama mbele ya darasa akatutangazia, "Kesho hata Mkaguzi amefunga. Asile, asinywe, mpaka daktari ampe ruhusa ya kufuturu." Darasa zima likacheka.

Mimi sikucheka sana. Ule ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kufunga mwezi mzima bila kuiba. Miaka ya nyuma, kama wengi wetu tulivyofanya, nilikuwa nikienda kutia udhu na kumeza maji ya kusukutulia, kisha nakaza uso kama mcha Mungu. Mwaka ule nilifunga kikweli, na jua la kaskazi lilikuwa kali, kwa hiyo kiu nilikuwa nimeijua vizuri. Na alasiri ile ile chuoni, ustadhi wetu alikuwa akisomesha masharti ya saumu. Alisema mgonjwa hafungi. Msafiri hafungi. Mnyama hakulazimishwa ibada yoyote. Kisha akatusimulia habari za mtu aliyemtekea mbwa maji kisimani akasamehewa dhambi zake zote. Nilirudi nyumbani kichwa kimejaa mambo hayo. Nikaona Mwalimu Mutua, masikini, si mtu wa dini yetu, hajui kwamba mbuzi mgonjwa hafungishwi saumu.

Nataka mnielewe hapo. Sikusahau amri ya daktari, wala sikumdharau. Nilidhani nimeielewa kuliko wao. Kwetu sisi mtu akisema asile, asinywe, tena mwezi ule, maana yake ilikuwa moja tu, na maana hiyo nilikuwa nimeihifadhi kwa moyo pamoja na watu wote wasiohusika nayo.

Alfajiri, baada ya daku na sala, nilikwenda shuleni kufagia kibanda kama kawaida. Kulikuwa kumeshapambazuka. Mkaguzi alinisikia kabla sijafungua, akalia kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilipoingia akaulamba mkono wangu wote, kuanzia vidole mpaka kwenye kiwiko, akitafuta unyevu. Nikachukua kile kisufuria chetu, nikamkorogea pumba na maji na chumvi yake, nikakijaza. Alikunywa bila kuinua kichwa. Alipomaliza nikamwongeza maji nusu. Nilimfuta ndevu, nikaosha sufuria, nikafunga kufuli. Nilitembea kwenda darasani nikijiona nimechuma thawabu ambazo wakubwa wote wa shule ile walikuwa wamezipita bila kuziona.

Daktari Tsuma alifika saa tatu. Mwalimu alitaka liwe somo, kwa hiyo tuliunganisha madawati mawili katikati ya darasa, tukatandika nailoni, sisi wa darasa la sita tukasimama kuzunguka kuta na madarasa mengine yakajazana madirishani. Vyombo vilichemshwa kwenye sufuria ya uji. Baba alikuja akasimama mlangoni, kisu chake kimefungwa kitambaa cheupe kwapani, kwa mazoea tu, nadhani, kwani alikuwa haendi palipo na mnyama bila kisu. Daktari akauliza nani anamjua mbuzi huyu zaidi, wote wakanielekezea mimi. Akaniambia nishike kichwa, nikielekeze pembeni, mdomo uwe chini ili mate yatoke.

Alimpiga sindano. Mkaguzi alinitazama, akalegea, ulimi ukatoka. Wakamlaza chali, miguu ikafungwa kwa kamba kwenye miguu ya madawati. Daktari alimnyoa tumbo kwa wembe, akalipaka dawa ya rangi ya chai, akakata. Wengine waliziba macho. Mimi nilitazama kila kitu, na niseme kweli, ilinipendeza. Mikono yake ilikwenda taratibu bila kubabaika, na huku akitusomesha: hii ni ngozi, huu ni ukuta wa tumbo, na hili ndilo tundu. Aliusukuma utumbo ndani kwa vidole viwili, polepole, na alikuwa ameanza kushona.

Kisha koo la Mkaguzi likafanya mlio mdogo, na maji ya moto yakanimwagikia mikononi.

Nilitazama. Yalikuwa maji ya kijani, na ndani yake kulikuwa na pumba, chembe za manjano nilizozijua kwa sababu nilizikoroga mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekosea, ingawa sikujua nimekosea nini. Sikumwita daktari. Niliikunja sketi yangu nikafuta mdomo wa mbuzi, nikafuta mikono yangu, nikafuta nailoni, upesi upesi, nikitumaini hayatatoka tena. Yakatoka tena, nikafuta tena. Naweza kuupima muda huo hata leo: ni kama mtu kuhesabu moja mpaka kumi na tano. Daktari alikuwa ameinamia mshono.

Ndipo mbuzi akaanza kupaliwa. Tumbo lilirukaruka, utumbo ukafumka kupitia pale palipokuwa hapajashonwa, na daktari akainua uso. Akakata kamba kwa mkasi, akamgeuza, akamwinua kwa miguu ya nyuma, akauvuta ulimi. Maji mengi yakamwagika sakafuni yakachanganyika na damu na vumbi. Akaniangalia.

"Mejumaa, huyu amekula?"

Darasa lote, madirisha yote, baba mlangoni, wote waligeuka kwangu.

"Hakula, daktari."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Aliendelea kumkandamiza mbavu Mkaguzi, akimpulizia puani, akimkandamiza tena, hata pale sisi watoto tulipokuwa tumeshajua. Baba alipiga hatua mbili kuja mbele, kisu mkononi, kitambaa kimefunguka nusu. Kisha akakumbuka sindano, akasimama. Hakukuwa na faida ya kuchinja. Alikifunga kisu chake akatoka.

Mkaguzi alipokwisha kufa, Daktari Tsuma alifanya jambo ambalo sijaliona kwa daktari mwingine yeyote. Alichukua sindano na uzi akamalizia kumshona. Aliurudisha utumbo, akashona tundu, akashona ngozi, kwa makini yale yale, mbuzi akiwa maiti. Alimwambia Mwalimu hataki watoto wamzike rafiki yao akiwa wazi. Tulimzika nyuma ya bustani ya shule. Mimi nilikwenda kisimani kuifua sketi kabla mama hajaiona.

Mambo hayakuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ambayo nikiikumbuka hupoteza usingizi. Kijijini kukasemwa kwamba daktari ameua mbuzi wa watoto ndani ya mwezi mtukufu, tena amemfanya nyamafu. Aliyekuwa akiitwa mwana wa watu sasa akaitwa mwenye sindano ya kifo. Baada ya mvua za masika alirudi na chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi. Alipanga vifaa vyake pale kwenye josho akangoja siku mbili nzima. Walikwenda watu watatu. Baba hakwenda. Alisema mbuzi wake hawatadungwa na mtu yule akiwa yeye hai, na mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale alipokuwa akisema, nikichambua mchele. Sentensi moja ingetosha. Niliendelea kuchambua mchele.

Homa ikaja kweli. Tulikuwa na mbuzi kumi na wanne. Walianza kukohoa mmoja mmoja, shingo wamenyoosha, pua zikitoka povu. Baba aliwachinja aliowahi, akawazika aliowachelewa, na wiki ya tatu zizi lilikuwa halina hata kwato. Nyumba nyingine zilipoteza zaidi yetu. Baba hakupiga kelele. Alikaa kibarazani akikinoa kile kisu ambacho hakikuwa na kazi, na mama alinikataza kumsemesha.

Basi nikaanza kusoma. Watu walinisifu kwa bidii yangu, wakasema mtoto huyu ana uchungu na mifugo ya baba yake. Nilifika chuo kikuu Nairobi, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikijiambia kwamba sijui, huenda si zile pumba, huenda ilikuwa siku yake tu. Mpaka asubuhi moja mhadhiri akaeleza kwamba mnyama anayecheua, ukimlaza chali akiwa ametiwa usingizi na tumbo lina maji, maji hayo hupanda kooni na kuingia mapafuni, ndiyo sababu hanyweshwi kabla ya upasuaji. Wenzangu waliandika. Mimi nilifika katikati ya sentensi kalamu ikasimama. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi mpaka kipindi kikaisha. Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa nimekwishakosa kisingizio.

Nilirudi kufanya kazi kwetu. Hapa Ukunda na Diani wananitania, wananiita Daktari Amekula, kwa maana kabla sijamgusa mnyama huuliza swali hilo mara tatu, kwa watu watatu tofauti. Kuna dada mmoja wa hoteli aliniletea paka kufungwa uzazi, akaapa paka hajala tangu jana, kisha nikamsikia akimbembeleza kwenye kikapu: pole mama, ile samaki ya asubuhi ilikuwa kidogo. Nilimrudisha nyumbani na paka wake. Alinuna, akaandika maneno juu yangu mtandaoni. Waandike tu.

Daktari Tsuma tulikutana mara nyingi katika mikutano ya kazi. Aliniita mwanawe. Alinishika bega mbele ya watu akawaambia kwa fahari kwamba huyu alinishikia kichwa cha mbuzi akiwa darasa la sita, ona alipofika. Nilitabasamu. Nilikuja kugundua kwamba madaktari vijana walikuwa wakimcheka pembeni, kwa kuwa hakupasua kitu. Jipu kubwa, ng'ombe aliyekwama kuzaa, mbwa aliyegongwa na bodaboda, yote alituma kwa wengine. Yeye alikaa na vibali na vitabu vya chanjo mpaka akastaafu. Walisema anaogopa damu. Mimi niliyemwona akishona maiti ya mbuzi kwa mkono usiotetemeka nilisikia hayo nikanywa chai yangu.

Mwaka huu baba alifariki. Alikufa hajui. Baada ya arubaini nikaona nimebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwambia, nikaenda Msambweni.

Nilimkuta Daktari Tsuma kwenye mkeka ndani ya ua wake, amekonda, mkewe akimenya mihogo kando. Nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akaagiza niletewe chai. Nilimweleza yote kabla chai haijapoa. Sikupamba. Alinisikiliza akiwa ametazama miguu yake, na nilipomaliza hakuuliza kwa nini. Aliuliza kama daktari.

"Kiasi gani?"

"Kisufuria kizima, na maji nusu juu yake."

"Saa ngapi?"

"Mara tu baada ya sala ya alfajiri."

Alihesabu kwa vidole. Kisha akanitajia kipimo cha dawa alichompiga Mkaguzi asubuhi ile, mpaka ile nukta ya mwisho, akaniuliza kama naona kilikuwa kikubwa. Nikamwambia hapana. Kilikuwa sawasawa. Hata mimi leo ningempa hicho hicho.

"Nilijua nilizidisha," alisema. "Nilikuwa na hakika."

Akamgeukia mkewe akamwambia aache mihogo aje karibu. Akaniambia nirudie. Nikarudia yote, mara hii kwa huyo mama aliyeishi na mumewe miaka yote akiwa mtu asiyethubutu kushika kisu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akakichukua kikombe changu cha chai ambacho nilikuwa sijakigusa, akaingia nacho ndani, hakutoka tena.

Daktari Tsuma aliniuliza siku ile nilikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia kumi na miwili. Na leo? Arobaini na mmoja.

"Yule wa kumi na miwili nimemsamehe," alisema. "Yule alikuwa mtoto. Huyu wa arobaini na mmoja nipe muda kidogo."

Nikamwambia nitangoja. Huu ni mwezi wa nne nikingoja.

Sisi wa rika langu tukikutana harusini na matangani hupenda kuwasema watoto wa siku hizi. Tunasema wana midomo, wanabishana na mwalimu, wanamkosoa baba mbele ya wageni, ukimuuliza mmoja jambo anakueleza matatu ambayo hukuyauliza. Enzi zetu, twasema, mtoto alikuwa na adabu, mkubwa akiongea alitazama chini. Ni kweli, nilikuwako. Nilikuwa mtoto mwenye adabu kuliko wote katika darasa lile, kila mtu alinisifu kwa hilo, na kwa adabu hiyo hiyo nilimwacha mtu mwema ajione muuaji kwa miaka ishirini na tisa.